Mkono wa Skolastika

Nyie vijana mnaoanza kazi ya kuwatetea watu walioumizwa, mnakuja hapa kwangu Mpanda na maswali ya vifungu. Vifungu mnavyo kwenye simu zenu. Mimi wakati naanza, kitabu cha sheria kilikuwa kizito kama tofali la kuchoma, tulikiazima kwa zamu, na ukurasa ule unaouhitaji ndio mwenzako alishauchana. Kwa vifungu mmenizidi. Nitawapa mengine, yale ya barabarani, ya wodini na ya kwenye nyua za watu.

Sasa joho nimelitundika, nafuga kuku, na goti langu la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio. Lakini karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye kesi za namna mbili: watu walioumia barabarani, na watu walioumia mikononi mwa wale waliotakiwa kuwaponya. Mara chache zilikuja zote mbili kwa mtu mmoja. Nitawasimulia ya mmoja wa namna hiyo. Majina nimeyabadili, na kituo cha afya sitakitaja.

Kabla ya hapo, niwaambie kuhusu mtu aliyenifundisha, Wakili Kalyalya. Alikuwa Mfipa mrefu, mkimya, mwenye kupenda karanga. Mfuko wa koti lake la mahakamani ulikuwa na karanga siku zote, na hakimu akichelewa alikuwa anazitafuna taratibu bila kutoa sauti, ujuzi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Siku yangu ya kwanza kwake nilidhani atanipa faili nisome. Aliniambia, "Vaa viatu vya kutembelea."

Tukaenda mahali palipotokea ajali. Akatembea barabara ile kwenda na kurudi, akachuchumaa, akatazama nyasi za pembeni, akaongea na mama anayeuza viazi, akamsalimia mzee anayelinda bustani. Nikamuuliza tunatafuta nini wakati ramani ya trafiki ipo. Akasema, "Barabara haidanganyi, ila inasahau upesi. Ikinyesha mara moja, imeshasahau. Watu ndio wanaikumbukia."

Na watu wanakumbuka kwa namna yao. Kuna shahidi wetu mmoja, mkulima, aliulizwa mahakamani gari lilikuwa na mwendo gani. Akafikiri sana. Akasema, "Mheshimiwa, lilikuwa linakimbia kama limeiba." Wakili wa upande wa pili akasimama kupinga, anataka kilometa. Hakimu akacheka, akaandika, na mpaka leo naamini maneno yale yalisaidia kuliko kilometa zozote. Msimlazimishe shahidi aseme lugha yenu. Muacheni aseme yake, nyie ndio mjifunze kuisikia.

Lugha, kwa kweli, ilitutesa. Nyie mmeikuta mahakama inaendeshwa kwa Kiswahili, mnaona ni jambo la kawaida. Sisi, shahidi anasema Kiswahili alichojifunzia shuleni juu ya Kipimbwe chake cha nyumbani, karani anatafsiri, hakimu anaandika Kiingereza. Bibi mmoja alisema gari lilimvunja mkono. Kiingereza kina maneno mawili hapo ambapo sisi tuna mkono mmoja tu, kuanzia begani hadi vidoleni. Karani akachagua neno la kiganja. Siku ya hoja za mwisho, wakili wa bima akasimama kusema bibi ameumia kiganja tu, na picha ya eksirei inaonyesha kiganja kizima, kwa hiyo bibi ni mwongo. Bibi amekaa pale na mfupa wa juu uliounga vibaya hadi unaonekana kwenye shati, hajui kwa nini ameitwa mwongo. Kalyalya alimwomba anyanyue mkono. Bibi akajaribu. Haukufika hata usawa wa bega. Kesi ile tulishinda, lakini yule bibi alitoka analia. Alikuwa amezoea maumivu. Kuitwa mwongo hakukuzoea.

Basi, Skolastika.

Alikuja ofisini baada ya Kalyalya kufariki, nikiwa nimeachiwa ofisi peke yangu. Mwanamke wa makamo kutoka Mamba, kule Mpimbwe, mkulima wa mpunga, mwalimu wa kwaya kigangoni kwao. Alikuwa amejifunika kanga begani na kuishika ncha kwa mkono wa kushoto. Nilimpa kiti. Alipokaa kanga ikateleza, nikaona mkono wa kulia umeishia chini kidogo ya kiwiko.

Sikuuliza chochote. Nilimletea chai, na nikakumbuka kumwekea kikombe upande wa kushoto. Hayo si madogo, vijana. Mtu anakupima kwa vitu hivyo kabla hajakufungulia kifua.

Alipomaliza chai akasema, "Mama wakili, nataka unisaidie. Shemeji yangu hakuula mkono wangu."

Nikamwomba aanze mwanzo, polepole.

Alikuwa amekuja Mpanda kumtazama binti yake shuleni. Basi la kutoka kwao lilifika mchana, na shemeji yake Deusi, mdogo wa mume wake, akampokea. Deusi alikuwa anaendesha bodaboda mjini na amepanga Mwamkulu. Leseni alikuwa nayo, pikipiki nzima. Kofia ngumu ilikuwa moja, akamvalisha yeye. Wakaelekea Mwamkulu ili apumzike kwanza. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi kama unga. Kwenye kona moja wakapishana na lori, lori likaacha wingu la vumbi, na ndani ya wingu hilo kulikuwa na fuso limeharibika, limesimama katikati ya njia yao. Deusi alikwepa, akashindwa. Skolastika akarushwa na kuangukia mkono. Deusi alichubuka magoti tu.

"Ni hapo tu," akaniambia. "Kuchubuka magoti ndiko kumemponza. Angevunjika hata mguu, nyumbani wangemwonea huruma."

Nyumbani walikuwa wamesema nini? Mama mkwe alisema Deusi amemtoa mke wa kaka yake kafara, pikipiki imekula mkono. Mume wake, Paskali, hakusema hilo kwa mdomo, lakini alikuwa hajazungumza na mdogo wake tangu siku ile. Deusi alifika Mamba kuomba radhi, hakukaribishwa kiti. Trafiki nao walikuwa wamemfungulia shitaka la kuendesha bila uangalifu.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi nasema mkono ulivunjika barabarani. Mkono uliovunjika unaunga. Mkono wangu haukufia barabarani, mama. Ulifia kitandani, na mimi nauona."

Nikavaa viatu vya kutembelea.

Mwamkulu nilikwenda na Deusi mwenyewe. Kijana mwembamba, anaongea akitazama chini. Alama za matairi zilikuwa hazipo tena, lakini watu walikuwepo. Dereva wa fuso alikuwa ameshaandika maelezo polisi kwamba aliweka matawi barabarani kuwatahadharisha wenzake, kama madereva wetu wafanyavyo, na mwendesha bodaboda aliyadharau. Nikamuuliza baba mmoja anayekaa karibu na kona ile kama aliyaona hayo matawi.

"Niliyaona," akasema. "Aliyaweka kweli, asubuhi. Mabichi kabisa, mazuri."

Deusi akanitazama kwa hofu.

"Sasa adhuhuri ikapita ng'ombe ya wafugaji," baba yule akaendelea. "Ikala yote. Ikabaki vijiti. Nikamwambia utingo, weka mengine. Akasema anasubiri fundi."

Nilicheka, halafu nikaona si la kucheka. Mkono wa mtu ulianza kupotea pale, kwa sababu ya shibe ya ng'ombe. Ndiyo maana sheria inataka ile pembetatu inayong'aa, iwekwe mbali na gari ili anayekuja aione mapema. Tawi ni chakula cha mifugo, si alama ya barabarani. Nyie mnaoendesha, na nyie mnaowatetea wanaoendesha, mlishike hilo. Gari bovu lililosimama linaua sawa na linalokimbia.

Baba yule alikubali kusema hayo kwa mpelelezi, na mkuu wa trafiki, mtu mwenye haki, alikwenda mwenyewe kupatazama. Shitaka la Deusi likaondolewa. Upande wa fuso ukayamaliza mapema kupitia bima, baada ya mabishano ya kawaida. Nilidhani Skolastika atafurahi. Alinishukuru vizuri, kisha akasema, "Nyumbani wamesema mama wakili ni hodari sana, amemtoa Deusi kwenye kesi. Hawakusema Deusi hana kosa. Umeona tofauti?"

Niliiona.

Ikabaki sehemu ya pili, ile ngumu. Kuhusu tiba nitawaambia neno ambalo Kalyalya alikuwa analirudia hadi linachosha. Alikuwa anasema: daktari anaweza kushindwa na ugonjwa, na kushindwa si kosa. Tazama kama alikuja kuangalia. Msimfungulie mganga kesi kwa sababu mgonjwa hakupona. Hospitali zetu zina watu wachache na wagonjwa wengi, na mkiwatisha bila sababu, watajifunza kuandika vizuri badala ya kutibu vizuri. Mimi nimewarudisha nyumbani watu wengi kwa upole, nikiwaambia kwamba ndugu yao alikufa na hakuna aliyemkosea. Baadhi walinichukia. Ni sehemu ya kazi.

Skolastika baada ya ajali alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi. Polisi walitoa fomu ya matibabu, picha ikapigwa, mfupa ukaonekana umevunjika mara moja, vizuri, kama mtu anavyovunja muwa. Tabibu aliyekuwepo, nimwite Amosi, akamfunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo. Jioni mkono ukaanza kuuma kuliko ulipovunjika. Akaambiwa ni kawaida. Kesho yake vidole vilikuwa vimevimba na kufa ganzi, yeye akilia, na akaambiwa na mtu aliyepita pale aache kudeka, mbona wenzake wamevunjika miguu na wametulia. Deusi alikuwa anakaa naye, kwa kuwa Paskali alikuwa bado Mamba akihangaika na watoto na mavuno. Deusi aliomba plasta ilegezwe. Akaambiwa yeye ndiye aliyemwangusha, anyamaze. Walipokuja kuikata, vidole vilikuwa vyeusi. Wakamkimbiza hospitali kubwa, na huko hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuukata mkono ili kuokoa mwili.

Nilitafuta daktari bingwa wa mifupa wa kunieleza. Wawili walinikwepa, si rahisi mtu kusema juu ya mwenzake. Wa tatu, mama mmoja wa mkoa mwingine, alizitazama picha na maelezo kwa muda mrefu. Akanifundisha jambo ambalo nawafundisha na nyie, mlitangaze hata kwa watu ambao hawana kesi. Mkono au mguu ukifungwa plasta, maumivu yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakizidi, vidole vikivimba, vikipoa, vikifa ganzi, au mtu akipiga kelele unapomnyoosha kidole, hiyo plasta inabana damu, na inatakiwa ifunguliwe sasa hivi, si kesho. "Anayelia wodini," akasema, "ndiye anayekupa taarifa. Ukimwambia adeke kwao, umeitupa."

Nilikuwa na bingwa. Nilihitaji mtu aliyekuwa ndani. Skolastika alimkumbuka nesi mmoja, Yusta, aliyemshika vidole, akatikisa kichwa, akatoka haraka kana kwamba anakwenda kuita mtu. Mtu hakuja.

Nilimfuata Yusta nyumbani kwake siku ya mapumziko yake. Alikuwa anaanua mahindi. Alinikaribisha kwa adabu, akaniletea maji, na nilipotaja jina la Skolastika akakaa chini kwenye jamvi.

"Mama, shikamoo tena," akasema, kama vile anataka tuanze upya. "Mimi nina watoto na mama yangu mzee. Pale ndipo ninapokula."

"Najua, mwanangu. Sikuja kukulazimisha."

"Ukiniitia samansi nitakuja. Lakini nitasema sikumbuki."

"Na unakumbuka?"

Akachambua hindi, akalitazama, akalirudisha. Kisha akasema, "Daktari Amosi si mtu mbaya, mama. Kule ndani alikuwa peke yake wiki ile yote. Muulize yeye mwenyewe. Ila asiulizwe kama mwizi."

Niliondoka. Vijana, sheria ilinipa uwezo wa kumburuta yule dada hadi kizimbani. Wapo mawakili wangefanya hivyo, na sitasema walikosea. Mimi niliona nikimvunja Yusta nitakuwa nimeongeza mtu wa pili kwenye orodha ya walioumia. Na alikuwa amenipa kitu: njia ya kuuliza.

Nilikifungulia kituo kesi ya madai, na kesi hizo zote, kama mnavyojua, zinapita kwanza kwenye usuluhishi. Wengi wenu mnauona kama kupoteza muda kabla ya vita. Mnaingia mmevaa tai, mnataja kiwango, wenzenu wanataja chao, mnatoka. Mimi chumba kile nilikipenda kuliko ukumbi wa mahakama. Hakuna kizimba. Watu wanakaa meza moja. Na mteja anaweza kufungua mdomo wake mwenyewe.

Siku yetu ilipofika alikuwepo hakimu msuluhishi, mtu mzima mpole mwenye kikohozi. Upande wa pili alikuwepo mmiliki wa kituo, wakili wao aliyetoka Mbeya, kijana mwenye akili sana, na tabibu Amosi. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona. Nilitegemea mtu mwenye kiburi. Alikuwa kijana wa umri wa Deusi, macho yameingia ndani, mikono ameificha chini ya meza.

Wakili wao alianza kwa kusema mteja wake alifuata taratibu zote za kitaalamu. Hakimu akanitazama. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi leo sina la kusema. Mteja wangu ana swali moja kwa daktari."

Skolastika alisogeza kiti. Alikuwa ameacha kanga begani bila kuishika.

"Daktari," akasema, "habari za siku nyingi."

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Siku ile, nilipokuwa nalia pale wodini. Ulikuwa unanisikia?"

Wakili wao akainua mkono haraka. "Mheshimiwa, mteja wangu hatajibu swali hilo."

Hakimu akasema, "Halazimishwi. Na yanayosemwa humu hayatatumika nje ya chumba hiki."

Huko nje mtu alikuwa anawasha pikipiki na haiwaki. Skolastika hakumtolea macho Amosi. Alitazama meza, akimpa nafasi, kama mwalimu wa kwaya anavyomsubiri mwimbaji aliyepotea sauti.

"Nilikusikia," Amosi akasema.

Wakili wake akafunga faili.

"Nilikusikia, mama. Yusta alinifuata akaniambia vidole vimepoa. Nikasema nakuja. Kulikuwa na mama anajifungua na mtoto wa degedege. Nikasema huyu amevunjika mkono tu, atangoja. Halafu nilipata nafasi, mama. Ndicho kinachonitesa. Nilipata nafasi nikakaa kwenye kiti, nikasema nipumzike kidogo kwanza, nimechoka. Nikalala. Sikuja."

Mmiliki wa kituo alikuwa anatazama dirishani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kumbana mtu yule kwa maswali, na sasa sikuwa na hata moja.

Skolastika akauliza, "Kama ungekuja?"

"Ningeikata plasta. Mkono ungekuwepo."

"Ni pikipiki iliyoula, au ni plasta?"

"Ni plasta, mama. Ni mimi. Si pikipiki."

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu nimjue. Akajifuta na ncha ya kanga, akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mambo ya fidia mawakili watazungumza. Mimi naomba kitu kimoja. Daktari aje Mamba ayaseme haya mbele ya mama mkwe wangu na mume wangu."

Wakili wao akasema hakuna amri ya namna hiyo kwenye sheria. Na alisema kweli, haipo. Hakimu akakubali kwamba haipo. Fidia tulikubaliana siku hiyo hiyo, na ilikuwa ya haki. Lakini kuhusu Mamba, kilichokuwepo ni neno la Amosi tu. Alisema, "Nitakuja, mama." Wakili wake alimshika bega, wakatoka nje wanabishana.

Nyie mnadhani nilikuwa na uhakika? Sikuwa nao. Watu wengi husema nitakuja.

Tulikubaliana Jumapili baada ya ibada. Nilipofika Mamba, familia ilikuwa imeketi uani. Mama mkwe, mwembamba, amenyooka kama mchi, akanisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," nami nikajibu, "Milele amina," na baada ya hapo hakunisemesha. Paskali alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kusugua magoti yake kwa viganja. Deusi alikuwa amesimama nje ya ua, kwenye kivuli cha choo, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie.

Amosi alishuka kwenye basi peke yake, bila wakili. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kujikunja tena kwa safari. Alipewa kigoda akakataa, akasema angependa kusimama. Aliyasema makosa yake yote. Hakuongeza na hakupunguza. Hakutaja yule mama aliyekuwa anajifungua wala mtoto wa degedege, ambao wangemsaidia. Alisema, "Mkono ungepona. Mimi ndiye sikwenda kuuangalia. Deusi aliomba plasta ilegezwe, akanyamazishwa. Nimekuja kuwaambia hilo, na kuwaomba radhi."

Kuku walipita. Paskali aliacha kusugua magoti.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza, na hakusema nililolitegemea. Alimuuliza Amosi, "Na mkono wenyewe, mwanangu, mliupeleka wapi?"

Amosi akashtuka. "Sijui, mama. Ulikatwa hospitali kubwa. Mimi sikuwepo."

"Ina maana haukuzikwa? Mkono uliolea wajukuu zangu, umetupwa kama taka? Kila siku najiuliza, na naogopa kuuliza."

Nikaanza kutafuta maneno, maana hata mimi sikuwahi kuliuliza hilo. Miaka yote ile ya kesi za mikono na miguu, sikuwahi.

"Niliuzika mimi, mama."

Ilikuwa sauti ya Deusi kutoka nje ya ua. Wote tuligeuka.

"Hospitali walisema ndugu auchukue. Nilikuwa mimi peke yangu pale. Nikaufunga kwenye shuka yangu, nikapanda basi. Nilipofika hapa nyumbani siku ile hamkunipokea, nilikuwa nao. Nikaona nisiwaongezee. Nikaenda nao kule kwenye majaruba ya shemeji, nikauzika kwenye tuta la juu. Nikasali Baba Yetu. Sijui kama inaruhusiwa, lakini nilisali."

Skolastika alikuwa ameweka kiganja cha kushoto mdomoni. "Shemeji," akasema. "Nimepita kwenye tuta lile kila siku."

Paskali alisimama. Mtu mkubwa yule alitembea hadi kwenye mlango wa ua, akasimama mbele ya mdogo wake. Nilidhani atasema mengi. Alisema, "Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu, kaka."

"Nionyeshe."

Wakaondoka wawili, Deusi mbele. Hawajafika mbali mama yao akaita, "Ngojeni, nami nakuja," akaokota fimbo yake, na alipompita Amosi pale alipokuwa amesimama hajui aende wapi, akamwambia bila kumtazama, "Na wewe, mwanangu. Twende."

Nilibaki uani nimeshika mkoba wangu, nimevaa viatu vyangu vya mahakamani, nikijiambia kwamba mambo yaliyobaki ni ya familia na wakili hana kazi hapo. Skolastika alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka akanitazama miguuni.

"Vua viatu, mama wakili," akasema. "Kule kuna tope."

Nikavua, nikawafuata.